"Kwa nini hamhamii Fuoni?"

Wiki hii nimesamehe wengi, hata muuza samaki wa Darajani aliyenichanganyia changu wa juzi na wa leo. Ila huyu fundi wa intaneti, wallahi, nimeshindwa.

Hali yetu mnaijua. Baba Idrisa yuko Pemba mpaka mwisho wa mwezi, mie nimebaki na mtoto na Bibi katika nyumba yetu ya mawe ya Mji Mkongwe, Unguja, na kazi ya bukingi za hoteli inataka mtandao mpaka saa tatu za usiku. Sasa tangu kaskazi ishike, ikiadhiniwa Magharibi tu intaneti nayo inaaga. Si kwamba inakuwa nzito. Inazima, taa ya kwenye kiboksi inageuka nyekundu, nami nabaki nawaomba radhi Wataliano kwa bando la simu. Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa jioni watu ni wengi mtandaoni, nivute subira. Nimelalamika weee, mpaka wakaleta kijana.

Kijana mwenyewe ana adabu zake, kavua viatu chini ya ngazi bila kuambiwa. Kashika simu mkononi, kazunguka nayo ukumbini, chumbani kwa Bibi, jikoni, kapanda darini, kashuka. Waya hakuugusa. Inazima saa ngapi hakuuliza. Kisha akaenda kusimama mbele ya Bibi, si mbele yangu niliyemwita.

"Bibi, mtandao mzima kabisa. Nyumba yenu ndiyo mbovu."

"Mbovu?"

"Mbovu kwa waifai, bibi. Kuta hizi hazipitishi kitu. Kwa nini hamhamii Fuoni?"

Fuoni, nje ya mji, kwenye nyumba za bloku! Nikasema leo leo. Bibi yangu mnamjua, yule aliyemteremsha ngazi mbiombio dalali wa nyumba, mnakumbuka niliandika. Akamtazama kijana, akatazama ukuta, akanyamaza. Nyamaza hasa. Halafu: "Maryam, mpe mwanangu sharbati."

Basi. Kijana akanywa, akashukuru, akaenda zake, na mie tangu siku ile namjibu.

Namjibu nikiosha vyombo. Namwambia: umeme ulipokatika kisiwa kizima, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kuta hizi hizi ndizo zilizotulaza bila feni, na wenye nyumba za bloku walikuja kuomba kulala ukumbini kwetu. Namjibu nikimsubiri Idrisa nje ya madrasa: na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na pwani yote tukakwama, hiyo Fuoni yako ilikuwa na mtandao? Jumatano imekuja posa ya Salma, imepokelewa, alhamdulillahi, na mie nimekaa na sinia la visheti mapajani namjibu fundi. Shangazi akaniuliza mbona nimekunja uso, nikasema jua.

Na kinachoniudhi zaidi ni kuwa nusu ya aliyosema ni kweli. Jiwe la matumbawe kwa chokaa, unene nusu mita na ushei, halina huruma na mawimbi. Waifai ya gigahezi 5, yenye mbio, inafia ukuta wa kwanza. Ya 2.4 inajikokota mpaka kwenye ngazi, na huko inakutana na waifai za nyumba za wageni zote za Kiponda zinazogombania njia zile zile. Chokaa nayo inanywa unyevu, na unyevu unazidi kuyala mawimbi. Halafu wazee walijenga vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, kwa hiyo hujatembea unakutana na ukuta mwengine. Chumbani kwa Bibi waifai haijawahi kufika, wala hajawahi kuiulizia. Ana redio yake.

Lakini mie sikulalamikia chumba cha Bibi. Nimelalamikia Magharibi. Ukuta ule ule uko hapo asubuhi, adhuhuri na alasiri. Iweje ukumbuke kuzuia mtandao jua likizama tu?

Nikatoa waya ule mfupi wa intaneti kwenye droo, nikaichomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, kile kiboksi chenye taa. Hapo hapana ukuta, hapana waifai, kuna meza tu. Magharibi ikaingia, ikazima vile vile. Niliinuka nikacheza peke yangu pale ukumbini, skwambii. Mtu kazini kaharibikiwa, na anacheza.

Kesho yake nikafungua ukurasa wa ndani wa ruta, nikapekua mpaka nikaipata sehemu inayoonyesha nguvu ya mwanga unaoingia kutoka kwenye fiba, ule waya unaoleta intaneti kwa mwanga. Mchana ilisoma -21. Vifaa vya namna hii vikishuka chini ya -27 ni hatihati. Nikakaa nayo. Saa kumi na mbili ikapita, -21. Muadhini akaanza, -21, mpaka nikaanza kumuonea aibu. Bibi akaja kufunga dirisha, kama afanyavyo kila siku kabla ya mbu na wasiotajwa. Akavuta ubao wa kwanza, akavuta wa pili, akakaza komeo, maana kaskazi hii ikivuma mbao zinagonga usiku kucha.

-30. Taa nyekundu.

"Bibi, hebu fungua."

"Mbu hao."

"Fungua tu, Bibi wangu."

Akafungua huku akinung'unika. -21. Taa ikarudi kijani.

Mwaka jana walipotuletea fiba tuliwakataza kutoboa ukuta, kwani Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na ukuta wa nje hautobolewi kama papai. Wakapitisha waya dirishani, juu ya kizingiti. Ndani ya waya ule mweupe mna uzi wa kioo, unene wake si mbali na wa unywele, na mwanga unakwenda ndani yake mradi hukuukunja sana. Ukiukunja kwa nguvu, mwanga unavuja pale penye kona. Nilipoinama kuutazama, ubao wa dirisha ulikuwa umeuchonga waya pembeni, ganda limebonyea na kung'aa pale unapobanwa kila jioni.

Kwa hiyo si nyumba! Si kuta! Nilimwendea Bibi jikoni nikamwambia yote, mwanga, komeo, fiba, nikamalizia kwa yale majibu yangu ya wiki nzima, mpaka ya Fuoni na Seacom.

Bibi alikuwa akichambua mchele. Akasema, "Ehe." Akachambua tena. Kisha akauliza, bila kuinua uso:

"Hizo nyumba za Fuoni zina ngazi?"

"Nyingi hazina, Bibi. Ni za chini."

"Aa."

Hakuongeza neno. Nami sikuwa na la kumjibu, mie niliyekuwa na majibu wiki nzima. Jana nikamwangalia akishuka kwenda kwenye maiti ya jirani: anashuka ubavu, kamba ya ngazi kaishika kwa mikono miwili, kila kidato anakaa kidogo kama anayemsubiri mtu. Zamani aliteremka na beseni la nguo kichwani. Sijui ameanza lini kushuka hivi. Nilidhani kimya kile kilikuwa cha hasira.

Sijamuuliza. Baba Idrisa akirudi tutazungumza, ama chumba cha chini kile chenye makopo ya rangi kisafishwe, sijui. Na nani wa kumwambia Bibi alale chini ya chumba cha babu.

Fundi wa pili amekuja Jumamosi, mtu mzima, kalitazama dirisha na kucheka, akaupandisha waya mpaka kwenye tundu la simu ya mezani ya zamani, ambalo sote tulishalisahau. Hakutoboa chochote. Akakata kipande kilichobonyea, akatia kichwa kipya cha kijani, akakifuta kwa spiriti. Sasa inasoma -19, dirisha limefungwa na komeo limekazwa. Yule kijana sina haja naye tena.

Ila ustadhi wa Idrisa ameniita kesho baada ya alasiri na hakusema kwa nini. Nimemuuliza mwenyewe, kasema hajui. Idrisa akisema hajui huku anafunga kamba za viatu asivyotaka kuvivaa, basi anajua, na ni kubwa.