Bendera za njano za mwezi wa nne

Kila mwezi wa nne barabara ya Bolsa, pale Westminster, Kalifornia, hugeuka njano. Bendera za iliyokuwa Vietnam Kusini, njano yenye mistari mitatu myekundu, hutundikwa kwenye nguzo za taa, kwenye maduka ya vito, hadi mlangoni kwa muuza supu. Mgeni atadhani kuna sikukuu. Kumbe ni matanga. Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka mikononi mwa wakomunisti wa Kaskazini tarehe 30 Aprili 1975, na watu wa hapa huuita mwezi huu Aprili Nyeusi.

Leo nilipita huko kununua mboga, nikakumbuka kisa cha Irvine. Mwaka 2014, mwezi huuhuu wa nne, baraza la mji wa Irvine lililetewa pendekezo la kuanzisha urafiki na Nha Trang, mji wa pwani ya Vietnam unaopendwa na watalii. Urafiki wa miji ni jambo la kawaida Marekani tangu Rais Eisenhower alipouanzisha mpango huo mwaka 1956. Irvine yenyewe ilikuwa na miji dada Japani na Mexico, wala hakuna aliyepiga kelele. Wanafunzi hutembeleana, mameya hupeana zawadi, picha hupigwa, basi. Lakini Irvine haiko mbali na Little Saigon, mtaa huu wa Wavietnam wa hapa Bolsa, na kaunti hii ya Orange ndiyo yenye Wavietnam wengi kuliko mahali popote nje ya Vietnam. Kulipeleka jambo kama hilo barazani katikati ya Aprili! Sijui kalenda ilikuwa imetundikwa wapi. Watu walifurika kupinga, na pendekezo likaanguka.

Nina jirani, mzee wa Kivietnam, aliyekuwa askari wa Kusini. Baada ya vita alifungiwa kwenye kambi zile zilizoitwa za mafunzo, ambako watu waliwekwa miaka bila kufikishwa mahakamani. Huyu mzee humtumia dada yake fedha, na akipata nauli huenda kumwona. Nikamuuliza: mzee wangu, kama wewe mwenyewe unakwenda, kwa nini umkatalie meya?

Akacheka. "Mimi namtembelea dada yangu. Meya akienda, anakitembelea Chama."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo naona ana haki. Vietnam ina chama kimoja tu kinachoruhusiwa, cha Kikomunisti, na viongozi wa miji hutoka humo. Wavuvi wa Nha Trang hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa marafiki wa Irvine. Upande wa huku, sahihi ya meya hutiwa kwa niaba ya kila mlipa kodi, na kati yao wamo waliokimbia kwa mashua, na waliolala kwenye mahema ya Camp Pendleton, kambi ya jeshi ya hapa Kalifornia iliyowapokea wakimbizi, mwaka ule wa 1975. Watu hawa si wageni tena hapa. Mwaka 2012 Westminster ilimchagua Tri Ta, Mmarekani mwenye asili ya Vietnam, kuwa meya wake.

Sikubaliani nao kwa kila kitu, lakini. Mwaka 1999 mwenye duka la video hapahapa Little Saigon, Mvietnam mwenzao, alitundika dukani kwake picha ya Ho Chi Minh, kiongozi wa wakomunisti wa Kaskazini, na bendera ya serikali ya Hanoi. Maelfu walijazana nje kwa karibu miezi miwili, ingawa mahakama ilikuwa imesema ana haki ya kutundika anachotaka. Baraza la mji ni la wote, sawa, lipingwe. Duka la mtu ni lake. Hilo nililimwambia mzee pia, akanyamaza, kisha akanimiminia chai nyingine, na kwa mzee yule huo si ukubali.

Linalonishughulisha zaidi ni kwamba San Francisco ina udada na mji wa Ho Chi Minh, yaani Saigon yenyewe iliyobadilishwa jina, tangu 1995, mwaka ambao Marekani na Vietnam zilirudisha uhusiano wa kibalozi. Riverside, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Bolsa, ina udada na Can Tho, mji mwingine wa Vietnam. Machozi ya waliokimbia ni yaleyale, popote walipo. Ila Irvine ina wapiga kura ambao diwani hukutana nao sokoni, na nadhani hilo ndilo lililohesabiwa usiku ule kuliko kambi na mashua zote.