Macho ya Baba wakati wa maombi

Kisumu, Jumapili usiku

Jana tulikuwa nyumbani Maragoli. Mwaka mmoja tangu tumzike Baba. Ukishapita Kiboswa barabara inaanza kupanda kuelekea Majengo, na hapo ndipo kifua changu huanza kubana, sijui kwa nini hapo hasa.

Baba alikuwa haombi akiwa amefumba macho. Mtu aliyelelewa katika kanisa la Marafiki, yaani Quaker, lile lililoanzia kwetu Kaimosi mwaka 1902, mzee wa kanisa, mwalimu wa shule ya Jumapili, na macho yake kodo! Sisi watoto tuliamini anatuvizia tusichovye vidole kwenye mboga. Siku moja mgeni kutoka kanisani akamwuliza waziwazi. Baba akacheka, akasema chini kwenye chumba cha mashine aliomba huku akitazama geji ya mafuta. "Ukifumba macho kule, mtumishi, utamwona Bwana kabla ya siku yako."

Kule ni ndani ya MV Uhuru, meli ya mwaka 1966 iliyotandikwa reli sitahani. Mabehewa yalisukumwa kutoka gatini hapa Kisumu yakaingia melini mazima mazima na mizigo yake, yakavuka Ziwa Victoria, yakashushwa ng'ambo yakaendelea na safari. Baba aliingia 1968 akiwa kijana wa kupaka grisi, akaja kuwa fundi. Kucha zake hazikuwahi kutakata. Kitabu chake cha nyimbo kiko kwangu, na ukitaka kujua nyimbo alizozipenda huna haja ya kuuliza mtu: tazama kurasa zenye kona nyeusi.

Mwanza ndiko alikookota Kiswahili chake. Mezani sisi tulisema "nipe chumvi," yeye "naomba chumvi, mama watoto." Kijijini wakamwita Mtanzania. Akiomba kanisani kwa lafudhi ile, vijana wa kwaya waliumana midomo.

Halafu ikaja 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikafunga mpaka, na Baba alikuwa na deni Mwanza. Deni lenyewe la samaki! Alikuwa amechukua kwa mama mmoja pale sokoni akaahidi kulipa safari ijayo, na safari ijayo haikuja. Akatia pesa kwenye bahasha, akaiweka ndani ya Biblia. Miaka sita. Kuna muhula kaka yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na Mama akaitazama ile bahasha, akamtazama Baba. Baba akasema, "Hiyo si yetu." Kaka akakaa nyumbani wiki mbili akichunga ng'ombe. Mpaka ulipofunguliwa 1983, Baba akaivusha bahasha yake. Alisema yule mama alikuwa amekwisha msahau yeye, samaki na deni.

Kanisani kisa hiki husimuliwa sana, na jana kilisimuliwa tena. Kaka alikuwa ameketi karibu nami. Hakusema kitu, alikuwa anachora chora chini kwa kijiti.

Kisichosimuliwa ni kwamba mtu huyo huyo hakuzungumza na mdogo wake kwa miaka kumi na moja kwa ajili ya mpaka wa shamba, hatua tatu hivi za ardhi yenye mawe. Kwetu Maragoli ardhi ni finyu, najua, hatua tatu si mchezo. Lakini Jumapili alitufundisha kusamehe saba mara sabini, kisha tukirudi tunapita mlangoni kwa Baba Mdogo kama tunapita kwa mtu baki. Walipatana Mama alipougua. Baba Mdogo alikuja na kuku chini ya kwapa, wakaketi, wakaongea habari za mvua. Nampenda Baba, na hili bado linaniuma.

Magugu maji yalipoziba ghuba miaka ya tisini alirudi nyumbani, akafungua mashine ya kusaga. Akawa mweupe kwa unga kama alivyokuwa mweusi kwa grisi. Jumapili mchana, wazee wakikutana baada ya ibada, kiredio kilikuwa mfukoni mwa koti. Ingwe, yaani timu ya AFC Leopards, wakifunga bao, mfuko ulipiga kelele na yeye akakohoa kwa nguvu. Hakuna aliyedanganyika.

Basi jana, mchungaji aliposema tufumbe macho, nikayafumbua kidogo nione kiti chake. Mama alikuwa amekiegemea, macho wazi, anatazama sufuria ya chai iliyokuwa inafura pale nje. Tukaonana. Akanionyesha sufuria kwa kidevu. Nikanyata nikaenda kuepua, maombi yakiendelea.