Vichupo vya kujiundia kwenye Qt: shika ufunguo, achana na namba

Programu ya ghala la dagaa hapa Kigoma, iliyoundwa kwa Qt (maktaba ya kutengeneza programu zenye madirisha), haikosi vichupo (tabs) hivi: Mapokezi, Mizani, Malipo ya wavuvi, Malipo ya mawakala, Madeni. Mitumbwi ikirudi Kibirizi asubuhi, karani anataka Mapokezi iwe mbele. Jioni anataka Madeni. Kwa hiyo vichupo sharti vivutike, na hapo ndipo wengi hukwama.

QTabWidget kwa ndani ni vitu viwili: QTabBar juu (upau wa vichupo), QStackedWidget chini (rundo la kurasa, unaoonekana mmoja kwa wakati). Ukitaka cha kwako, vipange hivyo viwili ndani ya QVBoxLayout (mpangilio wa wima), kisha viunganishe kwa currentChanged, ishara ambayo upau huitoa kichupo kinachotumika kikibadilika. Njia ya mkato ni kuipeleka namba ya kichupo moja kwa moja kwenye setCurrentIndex ya rundo la kurasa. Usiifuate. Ukishaweka setMovable(True) ili vichupo vivutike, karani akivuta kichupo, upau unabadili namba zake na rundo halina habari. Kurasa mbili za malipo zinafanana kama mapacha: fedha ya mvuvi itaandikwa kwa wakala na hakuna atakayeshtuka.

Kipe kila kichupo ufunguo wake, na uunganishe currentChanged na badili (Python, PySide6, yaani Qt kwa Python):

    def ongeza(self, ufunguo, jina, ukurasa):
        self.kurasa[ufunguo] = ukurasa
        self.rundo.addWidget(ukurasa)
        i = self.upau.addTab(jina)
        self.upau.setTabData(i, ufunguo)
        self.upau.setTabToolTip(i, jina)

    def badili(self, i):
        ufunguo = self.upau.tabData(i)
        if ufunguo is None:
            return
        self.rundo.setCurrentWidget(self.kurasa[ufunguo])

Ule mstari wa None usiufute. Kichupo cha kwanza kikiingia, currentChanged hulia ndani ya addTab, kabla setTabData haijafikiwa. Cha mwisho kikiondolewa, hulia tena na namba -1. Mstari mmoja unakinga pande zote mbili.

Kufunga kichupo nako kuna lake: removeWidget hutoa ukurasa kwenye rundo tu, haiufuti. Ita deleteLater(), na uondoe ufunguo kwenye kamusi ya self.kurasa, la sivyo kumbukumbu itajaa siku nzima.

Sasa majina. Kiswahili huanza na neno la jumla, tofauti inakuja mwishoni. Kwenye skrini ya 1366 × 768, majina marefu hukatwa ili yaenee: ElideRight inakata mkia na unabaki na "Malipo ya…" mara mbili. Tumia Qt.ElideLeft, usomeke "…wavuvi" na "…mawakala". Ukitaka upana usioshuka chini ya pikseli 120, andika upya tabSizeHint, mbinu ya upau inayotoa ukubwa wa kichupo.

Dirisha likigoma kupungua, kagua ukurasa mrefu kuliko yote: rundo huchukua kimo cha chini cha ukurasa huo hata ukiwa umefichwa. Uweke ndani ya QScrollArea (eneo linalosogezwa juu na chini).

Ctrl+Tab ya kuhama kichupo hadi kichupo hutaipata bure, maana kazi hiyo hufanywa na QTabWidget, si upau. Ongeza QShortcut (amri ya kibodi), karani mwenye mkono mmoja kwenye gunia hawezi kuhangaika na kipanya.