Koridorasi sio wafagizi wa tangi lako

Kuna maneno nayasikia karibu kila duka la samaki wa mapambo hapa Dar, mteja akishachagua samaki wake wa rangi rangi anaambiwa "chukua na hawa wawili wa chini, watakusafishia tangi". Yani huwa inaniuma kweli. Hao wa chini mara nyingi ni koridorasi, kambare wadogo wa Amerika ya Kusini, wengi hawafiki hata sentimita 8, na hawajaumbwa kufagia uchafu wa mtu. Kinyesi hawali, na ule ukijani wa kwenye vioo hawana habari nao. Kule kwao wanachimbua minyoo na vidudu kwenye mchanga, ndo maana mdomo umekaa chini. Ukiwategemeza makombo wanakonda taratibu na wewe unaona wapo bize tu wanafukua fukua, kumbe njaa.

Kwa hiyo walishe. Tafuta vidonge vinavyozama, watupie usiku ukishazima taa maana wale wa juu wakiwa macho hawaachi kitu, na mara moja moja wape minyoo ya kugandishwa, hapo utawaona wanavyochangamka.

Kitu cha pili ni mchanga, na hapa siwezi kukubaliana na mtu. Kori anachota mchanga mdomoni, anachambua chakula, mchanga unatokea kwenye mashavu, sasa umwekee changarawe zenye ncha na chini kumejaa uchafu uone zile sharubu zitakavyoisha. Chukua mchanga laini wa mtoni, uoshe mpaka maji yawe meupe kabisa. Wa baharini achana nao, una vipande vya makombe na matumbawe vinavyobadilisha maji.

Halafu wawili hawatoshi jamani. Anzia 6, tena wa aina moja, maana wakiwa wachache wanajificha tu nyuma ya pampu, wakiwa kundi wanazunguka tangi zima mchana kweupe.

Usishtuke ukimuona anachomoka mbio mpaka juu, anagusa hewa na kurudi chini. Anameza hewa na utumbo wake ndo unafyonza oksijeni, tofauti na kambare wetu wa mabwawani ambaye ana kiungo maalum juu ya matamvua. Ila kama wote wanapanda kila dakika, hiyo ni shida, maji yamechafuka au oksijeni imeshuka, badilisha sehemu ya maji fasta (yaliyotolewa klorini). Na usijaze tangi mpaka mfuniko, waachie nafasi ya hewa.

Joto sasa. Kuna aina inaitwa paleatus, mwanasayansi Darwin aliikusanya kwenye safari yake ya meli ya Beagle na ikaandikwa rasmi 1842, samaki mzuri na mgumu lakini anapenda maji ya baridi kidogo, nyuzi 20 hadi 23 hivi. Mtu wa Arusha, Mbeya au Nairobi anamfuga bila stresi. Sisi wa Dar mwezi wa pili maji yenyewe yanagonga 29 bila hita, bora umchukue kori wa aina ya sterbai, mwenye madoa meupe kichwani na mapezi ya kifuani ya rangi ya chungwa, huyo anavumilia mpaka 28, na ukielekeza feni ndogo juu ya maji inashusha nyuzi kadhaa. Umeme ukikatika na joto hilo oksijeni inaisha haraka, pampu ya hewa ya betri ni kitu cha kuwa nacho ndani.

Kingine, ukitaka kumhamisha usitumie wavu, ana miiba kwenye mapezi, akiogopa anaisimamisha na kuifunga kabisa, inanasa kwenye nyuzi na kumtoa ni kumuumiza. Tumia kikombe au bakuli.

Wakishakuwa na afya, siku umebadilisha maji ukaweka ya baridi kidogo unaweza kukuta mayai yamebandikwa kwenye kioo, wao wanachukulia mvua imenyesha. Yabandue taratibu kwa kidole uyaweke chombo kingine chenye hewa, ukiyaacha watayala wenyewe. Yanaanguliwa siku 3 mpaka 5, na vifaranga siku ya kwanza usivipe kitu, bado vina kiini chao tumboni.