Kilomita 483 kwa siku tano: nilivyofika na wenzangu

Siku ya kwanza nilikanyaga baiskeli kama ninayekimbizwa. Tulikuwa tisa, na kila mlima nilitaka niwe wa kwanza kufika juu. Jioni goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele. Nikanyamaza.

Kesho yake niliendelea kunyamaza, na hapo ndipo nilipokosea. Ilipofika saa nne asubuhi mguu mmoja ndio ulikuwa unafanya kazi. Kiongozi wetu akasogea ubavuni, akaitazama miguu yangu kitambo, akasema, "Ndugu yangu, siti yako iko chini. Simama." Akaniambia niweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu ulipaswa kunyooka; wangu ulikuwa umekunjika. Akalegeza bolti, akapandisha siti upana wa vidole viwili. Kisha akanitaka nishushe gia, nizungushe pedali haraka na kwa wepesi, niache kusukuma gia nzito. Maumivu hayakuisha siku ile, lakini hayakuzidi, na siku ya nne nilikuwa nimeyasahau.

Siku hiyo ya nne upepo ulitupiga usoni tangu asubuhi. Tukajipanga mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu. Anayeongoza ndiye anayekata upepo, na aliye nyuma yake anatumia nguvu pungufu kwa mwendo uleule. Kila dakika tano wa mbele anajitoa pembeni, mstari unampita, anashika mkia. Mimi niliomba zamu yangu iwe dakika mbili. Nilisema waziwazi, na wakakubali palepale. Kama ningenyamaza tena kama siku ya pili, nisingemaliza.

Kula tulikula kidogo kidogo njiani, kabla njaa haijabisha hodi.

Zikiwa zimebaki kilomita 12, mwenzetu akapata pancha ya nyuma. Tukasimama wote tisa. Nikapitisha kidole taratibu ndani ya tairi nikakuta kipande cha waya, chembamba kuliko sindano, kimechomoza. Tyubu mpya ingewekwa bila kukitoa ingetoboka palepale. Nikakivuta kwa kucha, tukajaza upepo kwa zamu, tukaondoka.

Giza lilikuwa linaingia tulipofika. Hakuna aliyetangulia, tulishika breki karibu kwa pamoja, na kwa muda hakuna aliyeshuka kwenye baiskeli.