Chatu katapika tambi

Shangazi ni chatu wetu jike, aliletwa hapa kwenye bustani yetu ya wanyama baada ya watu wa Kaloleni kumkuta kwenye banda na kuku wawili tumboni, wakapiga simu badala ya kupiga panga, Mungu awabariki maana si wote hufanya hivo. Siku aliyofika alikuwa karibu kilo 5, kwa urefu wake alitakiwa awe zaidi, ila nikajisemea nyoka wa porini ndo walivyo.

Shida ni kwamba alikuwa anakula vizuri tu. Panya wa wiki hii anameza, wa wiki ijayo anameza, na bado uti wa mgongo umetokeza, ukimpapasa unahesabu pingili moja moja. Nyoka aliyegoma kula akikonda hiyo inaeleweka, lakini anayekula na bado anakonda ujue kuna mtu anakula naye sahani moja. Mi sikulijua hilo, nilikuwa na miezi minane tu kazini, nikaongeza panya.

Halafu Jumapili moja asubuhi nakuta katapika. Panya kayeyuka nusu, harufu msiniulize, na juu yake kuna tambi. Wallahi ndivyo nilivyodhani, tambi zile za futari, nasimama pale najiuliza nani kamtilia nyoka tambi, mpaka moja ikajikunja.

Baba Kadzo, aliyeanza kushika nyoka mi sijazaliwa, akaniambia, "We kijana, shuka agroveti ulete ile sindano ya mbuzi, mdunge, yatosha." Sindano yenyewe ni dawa ya minyoo, ivamektini ya asilimia 1, yaani kila mililita ina miligramu 10. Nyoka akipewa hiyo dawa kipimo ni kama miligramu 0.2 kwa kilo, sasa piga hesabu ya Shangazi, ni kama mililita 0.1, chozi la sisimizi, na sirinji niliyokuwa nayo ni ya mililita 5 ile ya kudungia ng'ombe. Alafu ukuta wa pili tuna kobe, na ivamektini kwa kobe ni sumu, inawapooza mpaka kufa, kwa hiyo ata kuiacha rafuni mtu mwingine akaikuta sikutaka. Nikampigia daktari.

Daktari aliuliza kitu kimoja tu: "Kinyesi mmepima?"

Jamani kinyesi cha chatu si cha mbuzi, hicho unakisubiri. Nilisubiri siku 16. Na ukikipata usihangaike na ile sehemu nyeupe kama chokaa, ule ni mkojo wake (wageni kila siku wananiuliza kama ni minyoo), chukua ile ya kahawia ikiwa mbichi. Nikatia kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, nikakipakata kwenye matatu mpaka Kilifi, dirisha wazi.

Daktari akakoroga na maji ya chumvi iliyokolea ili mayai yaelee, akaniita kwenye hadubini. Nikaona yai refu, upande mmoja bapa, nikasema ndo hilo! Akacheka. Lile ni yai la mnyoo wa panya, limemezwa pamoja na panya mwenyewe, linapita tu njia, na kuna watu humpa nyoka dawa kwa sababu ya mayai kama hayo. Ya Shangazi yalikuwa pembeni, ya mviringo, ganda nene lenye vishimo vishimo. Mnyoo wake unaitwa Ophidascaris, unakaa tumboni, na mayai yakitoka panya huyala, wadudu wachanga wanajificha kwenye nyama ya panya, chatu anameza panya, duara limekamilika. Hapo nikakumbuka panya wangu wote nilikuwa nanunua kwa watoto wanaotega kwenye maghala ya mahindi. Kumbe siku zote nachota maji kwa pakacha.

Tukampima Shangazi ndani ya gunia kwa mizani ya samaki, kilo 4 kamili. Dawa ni fenbendazoli, miligramu 50 kwa kilo, ile ya asilimia 10 inakuja mililita 2, na daktari akanionya nisizidishe manake ikizidi inaharibu uboho, damu inakosa chembe zake. Baba Kadzo kichwa, sisi wawili mwili. Ukifungua mdomo wa chatu utaona tundu la pumzi palepale chini, linafunguka na kufunga, mrija wa dawa lazima ulipite ushuke kooni, ukiingia tundu hilo umemzamisha. Tukarudia baada ya wiki mbili. Majani yote ya chumbani tukachoma, sakafu maji ya moto, taa ya joto haizimwi kwa sababu nyoka wa baridi dawa haimfanyii kitu.

Ingekuwa tegu dawa ni nyingine, prazikwanteli. Na nyoka akiachama mdomo, mate yanamtoka ya kuvutika, hapo fikiria minyoo ya mapafu. Tuliwahi kupasua moma aliyekufa, mapafuni tukakuta vitu vyenye pete pete kama skrubu, daktari akasema hao wala si minyoo, ni jamaa wa kaa na kamba, na binadamu wanaweza kumwingia. Toka siku hiyo nanawa mikono kama nafanyiwa mtihani.

Kinyesi cha tatu kilitoka safi. Sasa hivi Shangazi ana kilo 5 na nusu na ananuna nikichelewa. Panya tunazalisha wenyewe, na wanakaa frijani wakiganda mwezi mzima kabla hajawaona.

Jana wale watoto walikuja tena na debe la panya. Nikawaambia sinunui, nikawapa soda. Mmoja akanitazama kwa huruma kabisa: "Kwani Shangazi alikufa?"