Jiwe jeupe ukingoni mwa Geldie

Kilima chenyewe si kirefu. Càrn an Fhidhleir, kilima cha mpiga fidla kwa Kigaeli, kina mita 994 tu, na aliyewahi kulala Horombo, kambi ya Kilimanjaro, atacheka. Shida yake ni umbali. Kutoka maegesho ya Linn of Dee, magharibi ya Braemar huko Uskoti, ni kama kilomita 18 mpaka kileleni. Anayekwenda na kurudi kwa miguu tu huimaliza siku nzima. Ila kilomita 12 na nusu za mwanzo ni njia ya changarawe inayoishia kwenye gofu, yaani mabaki ya nyumba, la Geldie Lodge, na sheria ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita humo kwa baiskeli. Baada ya gofu ni tope.

Tulikwenda wawili, mwishoni mwa Mei 2018. Wakati huo jua huzama huko karibu saa nne kasorobo usiku, visubi bado hawajashamiri, na msimu mkuu wa kuwinda kulungu haujafika. Tulianza kukanyaga pedeli saa mbili asubuhi.

Baiskeli zilikuwa za milimani, tairi za upana wa inchi 2.1, na pedeli bapa ili viatu vya kupandia mlima vitumike pote. Mzigo tuliubeba mgongoni. Ila mimi, kwa ukaidi, nilifunga nguo na chakula kwenye keria ya nyuma, kama kilo 6, na tairi nikaiacha kwenye psi 25, kipimo cha upepo, ili iwe laini juu ya kokoto. Hadi White Bridge, kilomita 5 hivi, hakuna neno. Baada ya hapo njia inafuata kijito cha Geldie, na kila baada ya mwendo kuna mfereji wa mawe unaokatiza njia kupitisha maji. Kwenye mmojawapo niliingia kwa kasi, na gurudumu la nyuma likalia kama kopo.

Ilikuwa pancha ya kubanwa. Tairi yenye upepo mdogo ikigonga jiwe hulala mpaka mwisho, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, na inatoboka matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Ukiziba moja ukasahau la pili, utaifungua tena. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza, kwa hiyo kiraka hakikuwa na maana: solusheni lazima ikauke mpaka iache kung'aa, na tone moja la maji linatosha kiraka kubanduka. Nikaweka tyubu mpya, baada ya kupapasa ndani ya tairi kwa vidole kutafuta kitu chenye ncha, nikajaza mpaka psi 35. Mzigo ukahamia mgongoni. Dakika 25 zikapotea.

Kabla ya gofu, njia inaingia majini. Siku hiyo Geldie ilitufika chini kidogo ya magoti.

"Tuvuke nazo, kaka," mwenzangu akasema. "Kule kuna kuta, hazitapigwa na upepo."

Nilikataa. Maji ya kwenye mboji, udongo mweusi wa mimea iliyooza, hupanda haraka, kwa sababu udongo ule tayari umelowa kama sponji na mvua haina pa kujificha. Kuvuka kijito kilichojaa ukiwa na fimbo ni jambo moja, kuvuka umebeba baiskeli ya kilo 14, mikono yote miwili haiko huru, ni jambo jingine. Tukazilaza ukingo wa kaskazini, mnyororo ukiangalia juu, utepe wa rangi ya chungwa kwenye usukani ili zionekane katika ukungu. Tukavua soksi, tukavaa viatu bila soksi, tukafungua mkanda wa kiunoni wa mkoba, tukavuka tukiwa tumeelekea maji yanakotoka. Upande wa pili nikaweka jiwe jeupe pale hasa maji yalipokomea.

Kutoka gofuni mpaka kileleni ni mita 470 za kupanda. Kwa kanuni ya zamani ya Naismith, saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda, tulikadiria saa mbili. Ilikuwa mbili na nusu. Ile nusu iliishia kwenye mboji: kuta nyeusi zilizoliwa na maji, nyingine zinamzidi mtu kimo, na baina yake tope lisilo na kipimo. Ukijaribu kunyoosha utapanda na kushuka kuta hizo mpaka uchoke. Afadhali kuzunguka na kukanyaga panapoota kichaka cha erika, kwa kuwa mizizi yake inashika. Erika ya Kilimanjaro huwa mti. Jamaa zake wa huku hawapiti goti. Penye kijani kibichi kinachometa, usikanyage.

Kileleni kulikuwa na rundo la mawe, upepo, na ukungu. Desturi ni kuunganisha na An Sgarsoch, kilima cha mita 1,006, upande wa mashariki. Mvua sasa ilikuwa nzito, tukakiacha.

Kurudi hatukulenga gofu. Kwenye ramani lilikuwa digrii 64 kutoka kileleni. Tuliweka dira digrii 50 kwa makusudi. Ukilenga kitu chenyewe ukakikosa katika ukungu, hujui kama kiko kushoto au kulia. Ukikosea kwa makusudi upande mmoja, utafika kwenye kijito, na hapo unajua: geuka kulia, fuata maji.

Jiwe langu halikuonekana. Nililipata kwa fimbo, chini ya maji kwa shibiri moja, na katikati ya kijito rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea. Hatukuvuka pale. Tulirudi juu kama mita 400, mahali Geldie inapogawanyika mikono mitatu, tukavuka mmoja mmoja. Wa mwisho ulifika nusu ya paja. Mwenzangu alizitazama baiskeli ng'ambo, hakusema kitu.

Njia ya kurudi inashuka na upepo ulikuwa mgongoni: dakika 50, kwa pedi za breki zilizosagwa na mchanga mpaka ya mbele ikaanza kukwaruza rimu. Usiku, nyumbani, nilitoa kupe watatu nyuma ya goti la kushoto kwa kibanio chembamba, nimekishika karibu kabisa na ngozi, nikivuta taratibu bila kuwaminya.